Kwa nini hamonika ya Bob Dylan hailii kama ya Stevie Wonder

Ndugu msomaji, umeandika kwamba umekuwa ukisikiliza wanamuziki mashuhuri wanaopiga hamonika, na kwamba jambo moja linakutatiza: hamonika ya Bob Dylan inalia kana kwamba haina undugu wowote na ile ya Stevie Wonder, na zote mbili hazifanani na ile inayosikika katika santuri za bluzi za Chicago. Unauliza kama ni chombo kimoja, ni nani kati ya mastaa hao anayestahili kuitwa mpigaji wa kweli, na uanze kumsikiliza nani ikiwa unataka kujifunza. Nitayajibu maswali yote matatu, ila sitayatenganisha sana, kwa kuwa jibu la swali la kwanza ndilo linaloamua mengine.

Kwanza kuhusu chombo chenyewe. Hamonika ndogo ya kawaida, inayoitwa ya diatoniki, ina matundu 10, na kila tundu lina ndimi mbili nyembamba za shaba, moja ikilia mpigaji anapopuliza na nyingine anapovuta pumzi ndani. Ndimi 20 hazitoshi kubeba noti zote za muziki, kwa hiyo kila hamonika ya aina hiyo hutengenezwa kwa ufunguo mmoja tu, yaani kwa noti moja ya msingi ambayo wimbo hujengwa juu yake, na ndiyo maana mpigaji wa bluzi hupanda jukwaani na mkoba mzima. Aina hii ndiyo iliyoenezwa duniani na kiwanda cha Matthias Hohner, fundi saa wa mji wa Trossingen nchini Ujerumani aliyeanza kazi hiyo mwaka 1857. Hamonika yake maarufu kuliko zote, Marine Band, ilianza kuuzwa mwaka 1896 na inatengenezwa hadi leo. Aina ya pili, ya kromatiki, kwa kawaida ina matundu 12 au 16 pamoja na kitufe ubavuni. Kitufe hicho kikibonyezwa, kila noti hupanda kwa nusu hatua, yaani hadi noti iliyo jirani kabisa, na hivyo chombo kimoja kinaweza kupiga wimbo wa ufunguo wowote. Dylan na wakongwe wa Chicago wanapiga aina ya kwanza. Stevie Wonder anajulikana zaidi kwa aina ya pili. Kwa hiyo sikio lako halikukudanganya kuhusu Stevie Wonder: yeye kweli ameshika kitu kingine.

Lakini Dylan na Little Walter, mwanabluzi wa Chicago nitakayemrudia baadaye, wanapiga hamonika ya aina moja, na bado zinalia kama vyombo viwili tofauti. Hapa sababu ni mikono. Mpigaji wa bluzi huizungushia hamonika viganja vyake mpaka vikafanya chumba kidogo kilichofungwa, kisha hukifungua na kukifunga kadiri anavyotaka, na sauti ikawa inafumba na kufumbua mithili ya mdomo wa mtu anayesema. Dylan hana nafasi hiyo. Mikono yake iko kwenye gitaa, na hamonika imeshikiliwa mbele ya midomo na fremu ya waya inayovaliwa shingoni. Hawezi kuifunika, hawezi kuitikisa, na hata kuisogeza hadi tundu la mbali ni lazima ageuze kichwa. Sauti inatoka wazi na kali, bila kivuli chochote. Wengi huisikia na kudhani ni upungufu wa ufundi, ilhali kwa sehemu kubwa ni matokeo ya uamuzi wa kuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mpiga hamonika kwa wakati mmoja.

Kuna kizuizi kingine kikubwa zaidi, ambacho nashangaa jinsi kisivyozungumzwa: mtu hawezi kuimba na kupiga hamonika kwa pumzi ileile. Mpiga piano huimba huku vidole vikiendelea. Mpiga hamonika hana budi kuchagua. Mfano mzuri wa jambo hili umo katika rekodi ya kwanza iliyowapatia Beatles nafasi katika chati za Uingereza, "Love Me Do" ya mwaka 1962. Paul McCartney amesimulia kwamba katika matayarisho yao John Lennon ndiye aliyekuwa akiliimba peke yake lile neno la mwisho la kiitikio linalobeba jina la wimbo. Walipofika studio, mtayarishaji George Martin akabaini kwamba hamonika ilipaswa kuanza hapohapo, na Lennon asingeweza kufanya yote mawili. Kipande hicho akapewa McCartney, papo kwa hapo, na mpaka leo ni sauti yake unayoisikia pale. Mpangilio wa sauti wa bendi iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko zote uliamuliwa, katika wimbo ule, na mahitaji ya kinanda cha mdomo.

Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini waimbaji mashuhuri wengi huipa hamonika nafasi ileile: mwanzoni mwa wimbo, katikati ya beti, na mwishoni. Billy Joel katika "Piano Man" ya mwaka 1973 anafanya hivyo, akiwa na hamonika shingoni na mikono kwenye piano. Neil Young katika "Heart of Gold", iliyoshika nafasi ya kwanza nchini Marekani mwaka 1972, anafanya hivyo pia, na habari ya wimbo huo inafaa kusimuliwa kwa sababu inaonyesha jinsi chombo hiki kinavyoweza kuingia kazini kwa mlango wa dharura. Katika kipindi kile Young alikuwa akisumbuliwa na mgongo, na hakuweza kusimama muda mrefu na gitaa zito la umeme; akakaa kitini na gitaa la kawaida na hamonika. Kile anachokipiga ni noti chache mno, nyingi zikiwa ndefu, na kati ya kifungu na kifungu anaacha nafasi ya kutosha hadi unasikia gitaa likipumua chini yake. Kwa maoni yangu hakuna somo bora zaidi la hamonika ya mwimbaji. Wapigaji wenye ufundi mara kumi ya ule wamejaribu kukijaza kipande kile, na kila noti waliyoongeza imekipunguzia nguvu.

Bruce Springsteen yuko katika kundi hili, na albamu yake ya "Nebraska" ya mwaka 1982, ambayo alijirekodia nyumbani kwa mashine ya kaseti yenye mikondo minne ya sauti inayokwenda sambamba, inaonyesha hamonika ikiwa karibu ndiyo bendi nzima. Alanis Morissette yumo pia, kwa "Hand in My Pocket" ya mwaka 1995, ambayo iliwafikishia chombo hiki vijana wa kizazi kisichokuwa na habari na Dylan.

Nakusihi usiwadharau watu hawa kwa kuwa wanapiga noti chache. Wengi wao hupiga hamonika ya ufunguo uleule wa wimbo, yaani wimbo ukiwa katika C wanatumia hamonika ya C, na hivyo kupuliza kwenye tundu lolote kunatoa noti inayopatana na msingi wa wimbo. Ni njia salama na yenye mwanga, inayofaa simulizi na nyimbo za kutembea njiani. Tena si kweli kwamba fremu ya shingoni inamzuia mtu kufanya lolote gumu. Jimmy Reed, aliyeuza santuri nyingi za bluzi katika miaka ya 1950, alipiga gitaa na hamonika ya shingoni kwa pamoja, na katika matundu ya juu aliweza kuzipinda noti mpaka zikalia kwa uchungu, bila kidole kimoja kuigusa hamonika.

Hapa nimetaja kupinda noti, na sina budi kueleza, maana ndipo penye siri ya bluzi. Mpigaji anapovuta pumzi na wakati huohuo kubadili umbo la kinywa chake, kwa kurudisha ulimi nyuma na kushusha taya kidogo, ndimi mbili za shaba zilizomo katika tundu moja huanza kuathiriana, na noti hushuka chini ya kiwango chake cha kawaida. Katika hamonika ya C, noti ya kuvuta ya tundu la tatu, ambayo ni B, inaweza kushushwa kwa nusu hatua tatu hadi A-bemoli, yaani A iliyoshushwa kwa nusu hatua. Noti hizo za kupinda hazitoki kiwandani; anayezitengeneza ni mpigaji kwa koo lake. Na kwa kuwa noti nyingi zinazopindika kwa urahisi ni za kuvuta, wanabluzi waligundua mapema kwamba ni afadhali kuchukua hamonika ya C na kuipigia wimbo wa G, ili noti za kuvuta ndizo zikae kwenye msingi wa wimbo. Dylan anayepuliza katika ufunguo wenyewe na mwanabluzi anayevuta katika ufunguo wa jirani wanaweza kuwa na hamonika mbili zilizotoka katika kasha moja, na msikilizaji asiamini.

Aliyeufikisha ufundi huo kileleni ni Little Walter, mzaliwa wa Louisiana aliyekulia kimuziki katika bendi ya Muddy Waters mjini Chicago. Yeye aliikumbatia hamonika na maikrofoni ndogo ndani ya viganja vilevile, akaipitisha sauti katika amplifaya ya gitaa na kuisukuma mpaka ikaanza kukwaruza. Mwaka 1952 kipande chake "Juke", kisicho na neno hata moja la kuimbwa, kilikaa wiki nane katika nafasi ya kwanza ya chati ya muziki wa Weusi wa Marekani. Hebu lifikirie jambo hilo: chombo ambacho wengi walikiona kama kitu cha watoto kilikuwa kinaongoza soko bila mwimbaji. Alifariki mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 37, na kila mtu anayepiga hamonika ya umeme leo, awe anajua au hajui, anatembea katika njia aliyoifungua.

Mastaa wa roki wa Uingereza walikunywa katika kisima hicho. Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, ni mfano ninaoupenda kuutaja, kwa sababu umaarufu wake wa kuimba na kucheza jukwaani umewafanya watu wasahau kwamba ni mpigaji hodari wa hamonika ya bluzi, na kwamba anapoipiga, hupiga kwa namna ileile anavyoimba, kwa vifungu vifupi vinavyokatwa ghafla. Hata Ozzy Osbourne, ambaye jina lake halihusishwi na chombo hiki, anaipiga katika "The Wizard" ya Black Sabbath ya mwaka 1970, na ukisikiliza jinsi hamonika na gitaa zito vinavyojibizana utakubali kwamba haikuwekwa pale kama pambo.

Sasa nimfikie Stevie Wonder, kwa kuwa yeye anahitaji nafasi yake. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 13, rekodi yake ya jukwaani ya "Fingertips" ilishika nafasi ya kwanza Marekani, na sehemu kubwa ya msisimko wake ni hamonika. Tangu hapo ameendelea kuipiga kwa miongo mingi, na kile alichokifanya kwa hamonika ya kromatiki hakuna staa mwingine wa muziki wa kupendwa aliyekikaribia. Kwa kawaida wapigaji wa kromatiki hupiga kwa usafi mkubwa, kila noti ikiwa imenyooka. Yeye anazitelezesha. Anaiingia noti kutoka chini, anaitetemesha mwishoni, anabonyeza kitufe ili kupamba noti kama mwimbaji wa kanisani anavyoipamba silabi. Sikiliza sehemu ndefu ya hamonika katika "Isn't She Lovely" ya mwaka 1976, kisha uisikilize sauti yake ya kuimba katika wimbo uleule. Ni mtu mmoja anayezungumza kwa ndimi mbili. Ndiyo maana wenzake walimwita kila walipotaka sauti hiyo: Elton John mwaka 1983, Chaka Khan mwaka 1984, Eurythmics mwaka 1985, na katika rekodi zote tatu unamtambua kabla hajamaliza kifungu cha kwanza. Ukiniuliza ni nani kati ya mastaa wakubwa ambaye angebaki kuwa mwanamuziki mkubwa hata kama asingeimba neno lolote, na angekuwa na hamonika peke yake, jibu langu ni yeye.

Wapo pia watu mashuhuri wasiokuwa wanamuziki kwa kazi yao ya kwanza. Hapa nitakuwa mfupi. Bruce Willis, kabla na baada ya kuwa nyota wa filamu, alipiga hamonika ya bluzi kwa mapenzi ya dhati, akatoa albamu mwaka 1987. Dan Aykroyd, mchekeshaji kutoka Kanada, aliipiga katika kundi la Blues Brothers, ambalo albamu yake ya kwanza ya mwaka 1978 ilifika nafasi ya kwanza Marekani. Si mpigaji wa ajabu, lakini aliuheshimu muziki ule, na aliwatangaza wakongwe wa bluzi na soli wakati redio zilikuwa zimewapa kisogo. Mtu mashuhuri aliyeipeleka hamonika mbali zaidi ni mwanaanga Walter Schirra, ambaye tarehe 16 Desemba 1965 alipiga wimbo wa Krismasi kwa hamonika ndogo mno akiwa ndani ya chombo cha Gemini 6 kilichokuwa kikiizunguka dunia.

Nchini India, Rahul Dev Burman, kabla jina lake halijawa kubwa miongoni mwa watunzi wa muziki wa filamu, alipiga hamonika katika filamu "Dosti" ya mwaka 1964, ambamo mmoja wa vijana wawili wahusika wakuu hupiga chombo hicho. Muziki wenyewe ulikuwa wa watunzi wengine, Laxmikant na Pyarelal, na yeye alikubali kuwa mpigaji tu. Naitaja kwa sababu watu husahau kwamba hamonika imependwa kwa kina nje ya Marekani na Ulaya.

Jambo moja la tahadhari: usidhani kwamba anayeimba ndiye kila mara anayepiga. Hamonika ya "Karma Chameleon" ya Culture Club, ya mwaka 1983, ambayo huenda ni miongoni mwa zilizosikilizwa na watu wengi zaidi duniani, ilipigwa na Judd Lander, mpigaji wa studio. Na mfano unaonigusa zaidi ni wa Billy Joel. Nimekwisha kumtaja kama mpigaji wa hamonika ya shingoni, na umma ulimjua hivyo tangu 1973. Lakini miaka kumi baadaye, alipotunga wimbo wa mapenzi wenye mwendo wa jazi, "Leave a Tender Moment Alone", hakuipiga mwenyewe. Alimwita Toots Thielemans, Mbelgiji aliyezaliwa Brussels mwaka 1922, mtu aliyeipa hamonika ya kromatiki kiti chake katika jazi na ambaye sauti yake imo pia katika muziki wa filamu "Midnight Cowboy" ya mwaka 1969. Sikiliza "Piano Man", kisha uusikilize wimbo huo, na utaisikia tofauti ya aina mbili za hamonika, na ya kazi mbili, kwa njia iliyo wazi kuliko maelezo yangu yote. Joel alijua mpaka wa uwezo wake na wa chombo chake. Kwangu mimi hiyo ni alama ya mwanamuziki wa kweli kuliko wepesi wa vidole au mapafu.

Kwa hiyo swali la nani ni mpigaji wa kweli ningeligeuza kidogo, niulize: wimbo huu ungepoteza nini kama hamonika ingeondolewa? Kwa Young, ungepoteza pumzi yake. Kwa Springsteen wa "Nebraska", ungepoteza upweke unaoubeba. John Popper wa kundi la Blues Traveler, aliyepanda jukwaani na hamonika za funguo zote zikiwa zimepangwa mwilini mwake na anayepiga kwa kasi ambayo wachache wameifikia, ananifurahisha, lakini nakiri kuwa mara nyingine noti zake zinazidi mahitaji ya wimbo. Na bado katika miaka ya 1990 hakuna aliyewavuta vijana wengi kama yeye kwenda kununua hamonika ya kwanza, na hilo si dogo.

Kuhusu kujifunza, anza na hamonika ya diatoniki ya ufunguo wa C yenye matundu 10, isiyo na kitufe, na usinunue ya kromatiki kwanza hata kama moyo wako uko kwa Stevie Wonder, kwa sababu ile ndogo itakufundisha kupuliza tundu moja bila kugusa la jirani, na kazi hiyo peke yake itakuchukua majuma kadhaa. "Piano Man" iko katika C, hivyo unaweza kuifuata moja kwa moja kwa hamonika hiyo. Baada ya hapo chukua hamonika hiyohiyo ya C na ujaribu bluzi iliyo katika G, ukiegemea noti za kuvuta za matundu ya kwanza hadi ya tano, na ukitaka kufuata wimbo wa bluzi ulio katika E, ambao wapiga gitaa wanaupenda sana, utahitaji hamonika ya A. Unapoanza kujifunza kupinda noti, anza na tundu la nne la kuvuta, kwa kuwa linahitaji badiliko dogo tu la kinywa, na uliache tundu la tatu hadi mwisho: lina noti tatu zilizofichama ndani yake, na kuzitoa moja baada ya nyingine zikiwa katika kiwango sahihi ni jambo ambalo hata wapigaji wa siku nyingi huendelea kulifanyia mazoezi.